Saa ya arosto

Muulize mtu yeyote wa Mwananyamala, Tandale au Keko unga unamfanya nini anayeutumia, atakujibu papo hapo: unamsahaulisha. Kasahau kazi, kasahau watoto, kasahau hata kuoga. Jibu hilo limezagaa mitaani tangu miaka ya 1980, heroini ilipoanza kuonekana Dar es Salaam, na lina ukweli wake. Lakini hebu mtazame vizuri huyo aliyesahau kila kitu. Anajua leo kete zinapatikana uchochoro gani, na ni upi uliovamiwa na askari jana usiku. Anajua pusha hukaa wapi na huondoka saa ngapi. Anakumbuka nani alimkopesha, nani alimdhulumu, na nani ni mwepesi wa kutoa akisimuliwa habari za mgonjwa aliyelazwa. Na anajua, bila saa mkononi, kwamba muda si mrefu kamasi zitaanza kumtiririka.

Mtu huyo ana kumbukumbu kali kuliko yangu na yako. Imeelemea upande mmoja tu, na upande huo ndio unaompangia siku.

Tumezoea kuzipanga dawa za kulevya kwa jinsi zinavyomfanya mtu aonekane: za kuchangamsha huku, za kulaza kule. Kokeini, methamfetamini na mirungi humfanya mtu aongee sana na asilale. Pombe, vidonge vya usingizi na heroini humlegeza. Zote, kwa njia zake, huingilia kazi mbili ambazo ubongo huzifanya kwa pamoja, yaani kutunza kumbukumbu na kukadiria muda. Asiyekumbuka kilichotokea tangu asubuhi hawezi kujua asubuhi ilikuwa lini. Na anayesubiri kitu kimoja tu hana nafasi ya kukumbuka kingine.

Tuanze na muda. Wanasayansi wengi wanaochunguza suala hili hufikiri kwamba ndani ya ubongo mna kitu kinachotoa mapigo, na kingine kinachoyahesabu. Fikiria mita ya LUKU ukutani. Ile taa yake ndogo hupepesa kadiri umeme unavyotumika. Ukiwasha pasi, inapepesa mbio. Ubongo nao husoma mapigo yaliyokusanyika na kusema, hizi sasa ni dakika tano. Mapigo yakienda mbio, ubongo utakuambia dakika tano zimekwisha wakati saa ya ukutani inasema ni tatu na nusu. Yakizubaa, utashangaa jua limetua.

Mwaka 1983 mtafiti wa Marekani Warren Meck alichapisha majaribio ya panya waliofundishwa kutofautisha mlio mfupi na mlio mrefu. Alipowapa methamfetamini waliuhesabu muda kuwa mrefu kuliko ulivyokuwa. Alipowapa haloperidoli, dawa ambayo hospitali zetu huwapa wagonjwa wa akili, waliuhesabu kuwa mfupi. Dawa ya kwanza huongeza kazi ya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, ya pili huizuia. Lililonivutia zaidi katika majaribio hayo ni lililotokea baadaye. Panya walipoendelea kufundishwa wakiwa na dawa mwilini, walijirekebisha, wakarudi kupima muda sawasawa. Dawa ilipoondolewa walikosea upya, safari hii kwa upande wa pili. Ubongo ulikuwa umejifunza kuishi kwa saa ya dawa, na saa ya kawaida ikawa ngeni kwake.

Dawa za kuchangamsha si ngeni katika ukanda huu. Mirungi hulimwa Meru nchini Kenya, ambako ni biashara halali na yenye haraka kubwa, kwa sababu kathinoni, kemikali yenye nguvu zaidi kwenye majani yale, hufifia ndani ya siku mbili hivi baada ya kuchumwa. Ndiyo maana vifungu huviringishwa kwa majani ya mgomba na magari yake hukimbizwa kama yamebeba mgonjwa mahututi. Kwetu ni marufuku, na mashamba ya milimani Same yamekuwa yakiteketezwa, lakini dereva wa masafa marefu anayetaka kutafuna hakosi mahali pa kununua. Anataka kitu kimoja: kushinda usingizi. Anaupata ushindi huo kwa mkopo. Usingizi ndio wakati ambao ubongo huyapitia upya mambo ya mchana na kuyahamishia kwenye hifadhi ya kudumu. Aliyekesha usiku mbili mfululizo anaweza kufika Tunduma na mzigo wake ukiwa salama, asiweze kukueleza kwa uhakika aliyoyaona kati ya Mikumi na Iringa. Aliyapita akiwa macho makavu, lakini mambo hayo hayakupata wakati wa kutua.

Methamfetamini ina nguvu kupita mirungi kwa mbali, na sasa iko mlangoni. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa, shehena kubwa kuliko zote za aina hiyo zilizokuwa zimewahi kukamatwa nchini hadi wakati huo. Zote mbili hufuata njia moja ya bahari, kutoka Afghanistan hadi pwani ya Makran, kisha kwa majahazi kuteremka hadi kwetu. Kwa muda mrefu tumelizungumzia tatizo la Kinondoni na Temeke kana kwamba ni unga peke yake. Nadhani miaka kumi ijayo hatutazungumza hivyo.

Tugeukie za kulaza. Kila anayepanda basi la mkoani ameshaonywa asipokee juisi wala biskuti kutoka kwa jirani wa kiti. Habari yenyewe huwa ni ileile: abiria alikunywa soda njiani, akazinduka hospitalini mji asioujua, mifuko mitupu. Ndugu wanaona aibu, polisi wanamtaka aeleze sura ya mwizi, naye anakodoa macho. Kinachowashangaza zaidi ni pale kondakta anaposema kwamba jamaa hakuwa amezimia. Aliongea, alicheka, alitaja namba ya siri ya simu yake mwenyewe.

Inawezekana kabisa. Dawa za jamii ya Valium, ambazo kuna watu huzinunua kwenye maduka ya dawa bila cheti, zina tabia hiyo. Mtu hubaki anaitika na kutembea, ila kile kiungo cha ubongo kinachoandika mambo mapya kinakuwa kimesimama. Hospitalini tabia hiyo hutumiwa kwa faida. Mgonjwa anayeingizwa mpira wenye kamera tumboni anaweza kupewa midazolamu kidogo. Atamjibu daktari, atageuka akiambiwa ageuke, na baada ya saa moja atauliza kipimo kinaanza lini. Mambo yale hayakufichika mahali fulani kichwani yakisubiri mtu wa kuyavuta. Hayakuandikwa. Kwa hiyo askari anayembana abiria yule akumbuke, na ndugu wanaompeleka kwa mganga akafunguliwe kumbukumbu, wote wanatafuta kitu ambacho hakipo.

Kiungo chenyewe huitwa hipokampasi, kiko ndani ya ubongo, kimoja kila upande usawa wa sikio. Kazi yake tunaijua kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya Mmarekani mmoja, Henry Molaison, aliyefanyiwa upasuaji mwaka 1953 ili kutibu kifafa. Daktari aliondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini hadi alipofariki mwaka 2008 Molaison hakuweza tena kutunza jambo jipya kwa zaidi ya muda mfupi. Alimpokea upya mtafiti aliyemzoea kwa miongo kadhaa. Na saa yake nayo iliharibika: alipopimwa, aliweza kukadiria muda vizuri hadi sekunde kama 20, na zaidi ya hapo makadirio yake yalisinyaa vibaya, kiasi kwamba saa nzima ilikuwa kwake kama dakika chache. Asiye na kumbukumbu ya kutosha hana kitu cha kupimia urefu wa siku.

Pombe nayo hushambulia hapohapo, na hapa kasi ndiyo hatari. Mnywaji anaweza kukaa meza moja jioni nzima na kurudi nyumbani akijua aliyoyasema, na mwingine akapitiwa na giza kwa kiasi kilekile cha pombe, kwa kuwa alikimeza kwa robo saa. Viroba vilikuwa vimetengenezwa kwa ajili ya ajali hiyo: pombe kali kwenye kifuko kidogo cha plastiki, bei ya chini, unang'ata kona na kumaliza kabla daladala haijajaa. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kulikuwa na sababu nyingi, mazingira na watoto wa shule zikiwamo, ila binafsi naamini marufuku ile imeokoa kumbukumbu nyingi za usiku ambazo wenyewe wangezihitaji asubuhi yake kituo cha polisi.

Heroini haifanyi kazi namna hiyo, na ndiyo sababu nimeichelewesha. Haifuti usiku mzima kama vidonge. Kila mkazi wa Dar ameshamwona mtu aliyeiva na unga: anainama polepole akiwa amesimama, kichwa kinashuka hadi paji linakaribia magoti, wapita njia wanangoja aanguke, haanguki. Ananyanyuka, anavuta hatua mbili, anaanza tena kushuka. Kwake muda umesinyaa, na nusu saa pale barabarani haimhusu. Ukimwita jina ataitika. Kumbukumbu zake za jana zipo. Dawa hii huharibu hifadhi moja kwa moja pale tu inapozidi kipimo. Pumzi hupungua, hewa ya oksijeni haifiki kichwani, na hipokampasi ni kati ya sehemu za kwanza kuumia. Aliyenusurika mara kadhaa anaweza kubaki mzito wa kushika mambo, na mtaani watasema unga umemla akili, wakati kilichomla ni dakika zile alizokosa hewa.

Uharibifu mkubwa wa heroini uko kwenye saa. Ikishaingia mwilini huvunjwa kwa dakika chache na kugeuka mofini, na raha yake huisha baada ya saa nne, tano, sita. Kwa mwili uliozoea, hapo ndipo arosto huanza kunyemelea. Miayo kwanza, kisha machozi na kamasi, vinyweleo vinasimama, tumbo linakata, kuharisha kunafuata, mifupa inauma, usingizi hauji wala miguu haitulii. Arosto ya heroini peke yake ni nadra kuua. Lakini aliyeipitia haisahau, na hilo ndilo linalompeleka mbio.

Kwa hiyo mraibu hana asubuhi, mchana wala jioni. Ana kete ya kwanza, kete ya pili na kete ya tatu. Ya kwanza si ya starehe. Ni ya kumwezesha asimame aende kuitafuta ya pili. Atapiga debe kituoni, ataosha daladala, ataokota chupa na vyuma chakavu, atabeba mizigo soko la Temeke Stereo, na akishindwa ataiba kamba ya kuanikia nguo pamoja na nguo zake. Watu wanaomwita mvivu hawajamfuatilia kutwa nzima. Hakuna mfanyakazi wa ofisini Posta anayefanya kazi kwa ratiba kali kama ile, tena bila Jumapili.

Ukiishi hivyo miaka mitano, kesho hupotea. Mwaka 1998 watafiti wa jimbo la Vermont, Marekani, wakiongozwa na Nancy Petry na Warren Bickel, walilipima jambo hilo. Katika kipimo kimoja walimpa kila mhojiwa mwanzo wa hadithi kuhusu mtu anayefikiria maisha yake yajayo, wakamwomba aimalizie. Watu wa kawaida walimalizia kwa mambo ya miaka 4.7 mbele kwa wastani. Waliokuwa na uraibu wa heroini na dawa za jamii yake walifika siku tisa. Siku tisa! Mhubiri anayemwambia kijana wa kijiweni afikirie uzee wake anazungumzia mahali ambapo macho ya kijana hayafiki, na bango lenye picha ya jeneza halimtishi mtu ambaye wiki ijayo iko mbali.

Jiji hili lilipata ushahidi wake mchungu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 heroini nyeupe, inayoyeyuka kirahisi kwenye maji, ilianza kuenea Dar es Salaam, na wavutaji wengi wakahamia sindano. Sheryl McCurdy na wenzake, waliokuwa wakifuatilia mageto na vijiwe vya Kinondoni, waliripoti mwaka 2005 jambo ambalo madaktari wa nje walilisoma mara mbili. Kulikuwa na wanawake waliojidunga, kisha wakavuta damu yao ndani ya bomba la sindano na kumpa mwenzao asiye na hela ili naye ajichome, kwa imani kwamba damu ile imebeba unga wa kutosha kumtuliza arosto. Wengi wao walikuwa wanajua habari za UKIMWI. Wengine walifanya kwa huruma, kwa sababu mwenzao alikuwa analia chini sakafuni. Lakini virusi hivyo huchukua miaka kumwangusha mtu, na arosto huchukua masaa. Kwenye mizani ya siku tisa, miaka haina uzito. Haikushangaza kwamba tafiti zilizofuata ziliwakuta na virusi zaidi ya theluthi moja ya waliokuwa wakijidunga jijini, na wanawake wakiwa na hali mbaya zaidi.

Sasa turudi kwenye ile kumbukumbu iliyoelemea upande mmoja. Mwaka 1982 Shepard Siegel wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, alichapisha jaribio ambalo ningependa kila mzazi wa Temeke alijue. Aliwazoesha panya heroini, kipimo kikiongezwa kidogokidogo, katika chumba kilekile. Kisha akawapa wote kipimo kikubwa. Waliopewa katika chumba walichokizoea walikufa asilimia 32. Waliopewa katika chumba kingine walikufa asilimia 64. Dawa ni ileile, kiasi kilekile, na miili iliyozoea sawa. Maelezo ya Siegel ni kwamba mwili hujifunza mahali. Ukiingia chumba cha dawa, hujiandaa mapema, hukaza pumzi na kupandisha kila ambacho dawa itakishusha. Chumba kikiwa kigeni, mwili unakutwa haukujiandaa.

Jambo hilohilo lina uso wa pili. Mwili uliojiandaa, halafu dawa isije, unahisi arosto. Ndiyo maana mtu aliyemaliza mwaka mzima bila unga anaweza kukata kona, akaliona gofu walilokuwa wakikutania, na miayo ikaanza. Macho yanalengwa machozi na hakuna kitu mwilini. Mafundisho ya dini hayajaharibika wala ahadi aliyomwapia mama yake si ya uongo. Ni kumbukumbu imeamka kabla ya yeye mwenyewe. Na akirudia kipimo chake cha zamani baada ya miezi sita gereza la Keko, ambako mwili umeshapoteza mazoea, anaweza asiamke.

Wamarekani waliuona upande wenye nafuu wa ukweli huu wakati wa vita ya Vietnam. Kiasi cha mwanajeshi mmoja kati ya watano wa ngazi za chini alinaswa na dawa akiwa kule, na serikali ya Rais Nixon iliingiwa hofu ya kupokea jeshi la mateja. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliorudi nyumbani mwaka 1971. Kati ya waliokuwa na uraibu Vietnam, kama asilimia tano tu ndio waliokuwa wamerudia uraibu miezi kumi baadaye. Walikuwa wameiacha nyuma nchi nzima iliyokuwa ikiwakumbusha. Kijana wa Mtambani au Mbagala Kuu akitoka matibabuni hana nchi ya kuiacha. Anarudi chumba kilekile cha uani, mlango wa tatu kutoka kwa pusha, na wenzake wanamwita kwa jina la kijiweni. Familia zenye uwezo humpeleka kwa shangazi Singida au Kigoma, na majirani hucheka kwamba wanaficha aibu. Mimi siwacheki tena. Kwa yale tunayoyajua kuhusu kumbukumbu, shangazi mwenye shamba la alizeti ni tiba yenye maana, ingawa uraibu uliokomaa miaka kumi mtaani kwa mtu si sawa na ule wa askari wa mwaka mmoja ugenini, na wengi hurejea mjini kabla ya mavuno.

Kwa wasio na shangazi, kuna dirisha la dawa. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, huduma ya kwanza ya umma ya aina hiyo katika bara lote la Afrika kusini mwa Sahara, ukikiacha kisiwa cha Mauritius kilichotangulia. Dkt. Jessie Mbwambo, bingwa wa magonjwa ya akili, alikuwa miongoni mwa walioisimamisha. Mwananyamala ilifuata mwaka 2012 na Temeke mwaka 2014. Zanzibar ilianza mwaka 2015, na baadaye huduma ikasambaa hadi Mbeya, Mwanza, Dodoma na kwingineko. Mgonjwa hufika asubuhi, huitwa jina, hupewa dawa ya maji kwenye kikombe, hunywa mbele ya muuguzi na huzungumza kidogo ili ionekane ameimeza.

Lawama ya kwanza huwa ileile: mnamtoa kwenye dawa ya kulevya mnamtia kwenye dawa ya kulevya. Ni kweli methadoni ni ya jamii moja na heroini, na kuiacha ghafla kuna arosto yake, tena ndefu. Haiponyi kumbukumbu pia. Baadhi ya tafiti zimewakuta wanaoitumia wakisumbuka kidogo katika umakini na kushika mambo ya papo kwa papo. Tofauti yake kubwa iko kwenye muda. Inapanda taratibu na kukaa mwilini kwa zaidi ya siku nzima, kwa hiyo dozi moja inashika hadi kesho yake. Aliyekuwa anaamshwa na arosto usiku wa manane analala hadi jogoo. Siku iliyokatwakatwa vipande vipande inarudi kuwa kipande kimoja.

Halafu linazuka tatizo ambalo wasiowahi kuwa waraibu hawalitegemei. Saa 3 asubuhi mtu ameshakunywa dawa yake, na mbele yake kuna saa kumi na mbili ambazo hajui pa kuziweka. Kwa miaka kumi kila dakika ilikuwa na kazi, sasa hazina. Anakaa kwenye benchi nje ya kliniki na wenzake, wote wakiwa wamekuwa pamoja vijiweni, na nje ya geti pusha anajua ratiba ya kliniki kama muuguzi. Mtu aliyepewa siku nzima bila pa kuipeleka hurudi pale alipokuwa na shughuli.

Nauli nayo ipo. Anayetoka Bunju kwenda Mwananyamala, au Chamazi kwenda Temeke, hulipa kwenda na kurudi kila siku ya Mungu, Idi na Krismasi zikiwamo, na asipofika siku kadhaa inabidi aanze upya kwa dozi ndogo. Nchi nyingi huwaruhusu waliotulia kwa muda mrefu kuchukua dozi za siku kadhaa nyumbani. Wanaopinga hapa kwetu huhofia dawa kuuzwa mtaani, na hofu hiyo si ya kupuuza. Lakini nauli ya kila siku ni hela inayotafutwa kila asubuhi kabla ya kliniki, na sote tunajua mtu aliyezoea kutafuta hela ya haraka asubuhi aliizoea wapi.

Upande wa ajira kikwazo ni kidogo kuliko tunavyodhani. Vibarua vingi Dar vinataka uwe umefika saa 1, na saa hiyo mgonjwa bado yuko foleni. Mafundi samani wa Keko, umbali mfupi kutoka hospitali ya Temeke, huhitaji mikono ya kupiga msasa na kupaka vanishi siku nzima. Fundi anayekubali kijana aanze saa 4 na kulipwa kwa kipande alichomaliza hapotezi chochote, ila wachache mno wamewahi kuombwa hivyo, kwa sababu kliniki haina mtu wa kuzunguka karakana kuuliza.